Kombe Tupu Ufukweni ni Nyumba ya Kaa

Katika fukwe za Wilaya ya Mafia, kombe lililotupwa na maji huonekana kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Lakini kwa kaa aishiye ndani ya makombe, hiyo ni nyumba. Kaa huyo ana gamba gumu upande wa mbele tu. Tumbo lake ni laini, na asipolihifadhi huliwa na ndege au kukaushwa na jua. Kwa kuwa hawezi kujijengea kombe, hutegemea yale yaliyoachwa na konokono wa baharini waliokufa.

Kila akuapo, hana budi kuhama. Pengine kaa kadhaa hukusanyika, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja huingia katika kombe lililoachwa na mwenziwe. Makombe yakipungua, kaa hubanwa na ukuaji wake hudumaa. Nao ufuko hupungukiwa na wasafishaji, maana kaa hawa hula mabaki ya samaki, matunda na majani yaliyooza.

Hatari ya pili ni chupa za plastiki. Kaa akiingia, hushindwa kupanda kuta zinazoteleza, hufa, na harufu yake huwavuta wenziwe wanaotafuta kombe. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kuwa kaa wapatao 570,000 walikufa wakiwa wamenaswa katika taka kwenye visiwa vya Cocos na Henderson.

Hivyo wakazi wanaombwa kuyaacha makombe mahali yalipo, na kuziondoa chupa ufukweni kabla hazijawa mtego.