Haji Ali, Mchunga Ngamia wa Arizona

Sisi watu wa pwani, mtu akitajiwa mgeni, swali la kwanza ni: ni mwana wa nani? Kwa nasaba hujulikana ukoo, na kwa ukoo hujulikana udugu. Yuko Mwislamu mmoja aliyevuka bahari akaingia magharibi ya Marekani katika siku za walowezi wa mwanzo, na jina lake likapotoshwa vinywani mwa watu hata asili yake ikawa haitambulikani. Huyo ni Haji Ali, ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly.

Mwaka wa 1855 Bunge la Marekani lilitoa dola 30,000 za kununua ngamia wa jeshi. Waziri wa Vita, Jefferson Davis, aliona kwamba katika majangwa yale farasi na nyumbu hushindwa na kiu. Mei 1856 meli ya Supply iliteremsha ngamia 34 katika bandari ya Indianola, Texas, na mwaka uliofuata wakaja wengine 41. Haji Ali alikuwa miongoni mwa wachunga walioletwa pamoja nao. Yasemekana alizaliwa kama mwaka wa 1828, baba yake Mshami na mama yake Myunani.

Mwaka wa 1857 Edward Beale aliongoza msafara wa kupasua njia hadi mto Colorado, akiwa na ngamia 25. Watu walidhani ngamia hajui kuogelea. Walipofika mtoni, ngamia walivuka wote salama, hali farasi na nyumbu kadhaa walizama.

Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, mpango ule ulisahauliwa, na baadaye ngamia wakapigwa mnada. Haji Ali hakurudi kwao. Alichukuza mizigo, akalitumikia jeshi katika misafara yake, akatafuta dhahabu.

Hapa ndipo mwenye kuandama nasaba yake hupotea. Mwaka wa 1880 alipochukua uraia, aliandikwa Philip Tedro. Mwaka huohuo, mjini Tucson, alimwoa Gertrudis Serna, wakapata mabinti wawili. Basi mjukuu atakayemtafuta Ali katika daftari hilo la uraia hatamwona. Ni lazima ayajue majina yote matatu, na ajue ya kwamba ni ya mtu mmoja.

Baadaye Haji Ali aliiacha nyumba yake akaenda jangwani kutafuta madini. Aliomba malipo ya uzeeni kwa utumishi wake, akanyimwa. Alifariki Desemba 1902 huko Quartzsite, Arizona. Mwaka wa 1935 kaburi lake lilijengewa piramidi ya mawe, na kileleni pakawekwa sanamu ya ngamia. Jina lililoandikwa pale ni Hi Jolly.

Msomaji, hata kwetu kuna mababu waliobadili majina kwa safari, kwa kazi au kwa lakabu za mtaani. Wazee wangali hai, waulize: babu aliitwaje kwao, aliitwaje ugenini, alioa wapi, na watoto wake ni akina nani? Kisha yaandike yote mahali pamoja. Kaburi hata likijengwa kwa mawe, haliwezi kumjibu mjukuu maswali hayo.