Mkanda wa Kumfungia Trafiki

Ukipanda matatu ya Nakuru kwenda Nairobi, kuna tangazo moja ambalo huwezi kulikosa: "Wasee, fungeni mikanda, kuna karao hapo mbele." Hapo hata aliyekuwa amelala huamka, akapapasa chini ya kiti. Gari linapunguza mwendo, askari anachungulia dirishani, tunapita. Halafu zinasikika klipu zikifunguka, moja hapa, nyingine kule, huku dereva akikanyaga mafuta. Yaani tunajifunga gari linapotambaa na kujifungua linapoanza kukimbia.

Mimi hubaki nimejifunga. Si kwamba naipenda mikanda hiyo. Haifuliwi, na ukivaa blauzi nyeupe utashuka una mstari wa kahawia kutoka begani hadi kiunoni. Ndiyo maana mkobani hutembea na leso kuukuu ya kutandika kifuani kabla ya kujifunga. Safari moja leso hiyo ilimchekesha mzee aliyekaa kando yangu, mwalimu mstaafu.

"Binti yangu, unajifungia nani na trafiki tumeshampita?"

"Najifungia mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Basi hiyo ni hiari yako. Mimi roho ni yangu. Nikifa nimekufa mimi. Serikali inanifuata hadi kiunoni kutafuta nini?"

Gari zima lilicheka, lakini swali lake si la mzaha. Mwaka wa 1859 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika kwamba dola haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Inaweza kumzuia tu asiwadhuru wengine. Wabunge wa Uingereza walilumbana juu ya sheria ya kufunga mikanda miaka mingi, na Enoch Powell alikuwa miongoni mwa walioipinga sheria hiyo kwa hoja ya uhuru. Ilianza kutumika Januari 31, 1983, na kwa viti vya mbele tu. Kule Marekani, jimbo la New Hampshire halijamlazimisha mtu mzima kujifunga hadi leo. Kwa hiyo Mwalimu ana wenzake, tena wasomi.

Ila hoja yake inahitaji gari la mtu mmoja. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa ikigonga na kusimama ghafla, abiria asiyejifunga anaendelea mbele kwa mwendo uleule, sawa na mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya nane. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya mama aliyempakata mtoto. Kabla hajafa peke yake, angepitia kwanza kwenye kisogo cha mama huyo. Hata Mill, kwa maneno yake mwenyewe, angemwambia ajifunge.

Na kuna jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Kabla ya 2004 swali la hiari halikuwapo, kwa sababu mkanda wenyewe haukuwapo. Matatu ya Nissan ilibeba watu 18, tena huo ndio ustaarabu; wengine walining'inia mlangoni. Abiria aliyetaka kujifunga angejifunga na nini? Angemwomba makanga? Angeambiwa ashuke apande teksi. Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulikuwa umebuniwa na Nils Bohlin wa Volvo tangu 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Shirika la Afya Duniani linasema kujifunga kunaweza kupunguza hatari ya kifo hadi nusu. Sisi tulikaa miaka 45 bila kuuona kwenye matatu, maana kila mkanda ni gharama kwa mwenye gari, na anayeokoka ni mtu mwingine.

Aliyeuleta ni John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, kwa kanuni zilizoanza Februari 1, 2004: abiria 14, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa manjano ubavuni, na mkanda kwa kila kiti. Magari yalitoweka barabarani na watu wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Nauli zilipanda. Michuki hakulegeza. Kwangu mimi, siku zile serikali haikuninyang'anya uhuru wowote. Ilimlazimisha mwenye gari kunipa kitu ambacho nisingekipata kwa kubembeleza.

Baadaye mambo yalilegea, hata Novemba 12, 2018 serikali ikalazimika kuanzisha msako upya, na watu wakatembea tena. Ndipo ninapokubaliana na Mwalimu kidogo, maana anayefuatwa hadi kiunoni ni abiria. Faini ya abiria asiyejifunga ni shilingi 500. Nimeshuhudia kijana akishushwa garini kwa kosa hilo ilhali klipu ya kiti chake ilikuwa imevunjika, na kila aliyekaa naye aliiona. Alisihi, akaonyesha mkanda unaoning'inia, haikusaidia kitu. Kondakta alichungulia simu yake kana kwamba hayamhusu. Gari liliondoka, viti vikiwa vilevile, klipu zilezile, likaenda kupakia abiria mwingine wa kukaa pale.

Sheria inamtambua mwenye gari pia: kiti kisicho na mkanda kina faini yake. Basi askari aanze na viti. Avute kila mkanda, abonyeze kila klipu, na gari lenye klipu mbovu libaki hapo kizuizini hadi mwenyewe alete fundi. Akimaliza hayo, hapo sasa aniulize mimi kwa nini sikujifunga.