FUNDI WA UANI NAYE NI MFANYAKAZI



Ukimtajia mtu Butare, mara moja atafikiri mji wa chuo kikuu, ule ambao tangu mwaka 2006 umo katika wilaya ya Huye. Butare tunayoizungumza hapa ni nyingine: ni sekta ya wilaya ya Rusizi, kwenye kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, katika nchi iliyoitwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka huo huo. Huku kazi ya kwanza ni jembe. Katika bonde la Bugarama kuna mpunga, na kuna kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilichoanza mwaka 1984. Lakini kiwanda kimoja hakiwezi kuwapokea vijana wote. Ndiyo sababu wengi hutafuta kazi ya mikono, na mojawapo ni kuunga chuma kwa moto wa umeme. Huku kwetu tunasema kusudira, neno lililotoka katika Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania husema kuchomelea.

Karakana zenyewe si majumba. Ni ua wa nyumba, mabati manne juu, meza ya chuma, jiliwa, grenda na mashine ya kuchomelea. Hapo hutengenezwa milango, madirisha, vitanda, mikokoteni na vibebeo vya baiskeli. Hapo pia ndipo shule ya vijana wetu, nayo yafaa tuiangalie vizuri, maana ina faida kubwa na hasara kubwa.

KAZI INAVYOJIFUNZWA

Mwanagenzi haanzi na moto. Huanza na ufagio, kisha msumeno wa chuma, kisha tupa. Vijana wengi huchoka hapo na kudhani fundi anawachelewesha. Lakini chuma kilichokatwa vibaya hakiponyeki kwa kuchomelewa. Ukiacha pengo kubwa, moto utatoboa. Ukiacha kutu, rangi au mafuta, kiungo kitajaa vitundu mfano wa mkate.

Baada ya kukata ni kupima. Fremu ya mlango hupimwa kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo viwili vikiwa sawa, na pande zinazokabiliana zikilingana, fremu ina pembe mraba. Kisha hushikizwa kwa nukta ndogo kwenye kila pembe kabla ya kuunganishwa kabisa. Chuma chenye moto hutanuka, kikipoa hujikunja, na kikijikunja huvuta wenzake. Kwa hiyo fundi hodari huchomelea pembe hii, akahamia ile ya mbali, asimalize upande mmoja kwa pupa. Mlango uliopinda siku ya kwanza hautafunga mpaka unazeeka.

Ndipo unakuja moto wenyewe. Fimbo ya milimita 2.5 huhitaji umeme wa kama ampia 70 hadi 90. Ya milimita 3.2 kama ampia 100 hadi 130. Umeme ukipungua, fimbo hunasa na chuma huwa kama kimepakwa gundi juu tu. Ukizidi, bomba jembamba hutoboka. Ncha ya fimbo iwe karibu na chuma, umbali usiozidi unene wa fimbo yenyewe, na mkono uende mwendo mmoja. Mkongwe wa kazi husikiliza: moto mzuri hulia kama mafuta yanayokaanga, moto mbaya hutapika na kukatika. Mwishoni lile ganda jeusi hugongwa kwa nyundo na kusuguliwa kwa brashi ya waya, ili kiungo kionekane. Fundi anayepaka rangi kabla ya kugonga ganda anaficha kitu.

MACHO HAYAUZWI DUKANI

Hapa ndipo penye msiba wetu. Pita Kamembe, pita Bukavu, pita Katwe ya Kampala au Gikomba ya Nairobi, utawaona vijana wanachomelea wamevaa miwani ya jua, na wengine wamegeuza uso tu. Miwani ya jua si kinga. Mwanga wa kuchomelea una miale isiyoonekana inayounguza jicho kama jua linavyounguza ngozi. Ubaya wake ni kwamba hauumi saa ile ile. Kijana huenda nyumbani mzima, akala, akalala. Usiku, baada ya saa kadhaa, huamka analia kana kwamba macho yamejaa mchanga. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, naye akadhani yamekwisha. Akirudia miaka na miaka, macho huharibika.

Kinga ni kinyago cha uso chenye kioo cheusi cha namba 10 au 11 kwa kazi zetu za kawaida. Jirani anayeshika chuma naye anahitaji kinga, na watoto wasikae kutazama. Wekeni pazia au bati la kuzuia mwanga, maana karakana ya uani iko karibu na jiko na watoto.

Jambo la pili ni moshi. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Mafundi wetu wengi huamini kuwa maziwa huosha kifua. Ndugu, maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, hayakutani. Kunywa maziwa kwa ajili ya chakula, lakini kwa ajili ya moshi fanya kazi mahali wazi, kaa upande ambao upepo haukuletei moshi usoni. Bati na bomba lililopakwa zinki lisuguliwe zinki kwanza nje penye hewa, la sivyo jioni utatetemeka kwa homa ukadhani ni malaria.

La tatu, mashine za kienyeji zilizosukwa waya na fundi wa mtaani. Ni rahisi, na zimewafungulia kazi watu wengi. Lakini nyingi hazina kifuniko, na waya wa kuingiza umeme uko wazi. Umeme huo unaua. Mashine ifunikwe, iunganishwe na ardhi, na asiguse mtu mwenye mikono au nguo zilizolowa. Wala usichomelee pipa au tangi lililowahi kubeba petroli, hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani ni bomu.

MWANAGENZI SI MTUMWA

Sasa tuje kwenye haki. Mwanagenzi wa uani mara nyingi hana mkataba. Mzazi hulipa ada, kijana hufanya kazi, mteja humlipa fundi. Miezi sita ya kujifunza hugeuka miaka mitatu ya kubeba vyuma. Akiungua, gharama ni ya kwao. Na fundi naye si tajiri wa kulaumiwa bure: leo ana kazi, kesho umeme umekatika na mteja hajalipa.

Hata hivyo sheria ipo. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaja mwanagenzi, na inamtambua hata anayejiajiri katika mambo ya usalama kazini na haki ya kujiunga na chama. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za kila mfanyakazi, na mwaka 2023 likapitisha pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora. Maneno hayo hayakuandikiwa viwanda vikubwa peke yake.

Kuna pia suala la cheti. Kijana aliyejifunza uani anajua kazi, lakini mlangoni pa kampuni huulizwa karatasi. Kenya hupima mafundi kwa madaraja, Tanzania VETA hutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo, na hapa Rwanda chama cha STECOMA, cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na ufundi, kimejishughulisha na kazi hiyo ya kuwapatia mafundi vyeti. Njia hiyo ifuatwe na wachomeleaji wa vijijini pia.

LA KUFANYA

Mafundi wa sehemu moja wakutane, hata wakiwa watano. Waandike mkataba mfupi wa uanagenzi: muda, ada, posho kazi ya mteja inapolipwa, na nani hulipa kijana akiumia. Wachange fedha wanunue vinyago na glavu kwa pamoja. Mtoto asiyefikia miaka 18 asipewe kazi ya hatari. Kisha waje chamani waandikishwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mlango wa chuma hulinda nyumba ya mteja usiku kucha. Aliyeutengeneza naye apate cha kumlinda.