Alama za Mwandishi na Alama za Orodha: Uakifishaji wa Marejeleo Yanayopangwa na Tarakilishi

1. Utangulizi

Mnamo mwaka 1968 Abdilatif Abdalla alitoa kijitabu chenye anwani “Kenya: Twendapi?” Kwa sababu ya kijitabu hicho alifungwa gerezani tangu 1969 hadi 1972. Anwani hiyo ni swali, na alama yake ya kuuliza ni ya mwandishi mwenyewe. Hata hivyo, mtafiti akiachia tarakilishi kazi ya kuipanga orodha ya marejeleo, huenda akaikuta imeandikwa “Kenya: Twendapi?.”, kiulizi kikifuatwa na nukta, au “Kenya : Twendapi? /”, ikiwa na mkwaju usiojulikana umetoka wapi.

Wengi wetu husahihisha kasoro kama hizo kwa mkono juu ya orodha iliyokwisha kupangwa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hapo sipo mahali pake. Yatupasa kwanza kuuliza kila alama ni ya nani.

2. Asili mbili za alama

Programu za kupanga marejeleo si ngeni tena. BibTeX, iliyotungwa na Oren Patashnik, ilitokea 1985. Zotero ilianza 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Zote mbili zafuata kanuni moja. Rekodi huhifadhi jina la mwandishi, anwani, mwaka na mchapishaji, kila kimoja katika kisanduku chake. Mtindo nao huamua ni alama gani zitakazowekwa baina ya vipengele hivyo. Kwa hiyo alama iliyomo katika orodha ama imetoka katika rekodi, ama imetiwa na mtindo. Zile za kwanza tuziite alama za mwandishi. Za pili, alama za orodha. Kasoro nyingi huzuka pale alama za kundi moja zinapoingia katika nyumba ya kundi jingine.

Mkwaju tuliouona hapo juu ni mfano mzuri. Tangu 1971 maktaba nyingi zimefuata kanuni za kimataifa ziitwazo ISBD, ambazo huacha nafasi kabla ya nuktapacha na kutia mkwaju kabla ya jina la mwandishi. Rekodi ikichukuliwa kutoka maktaba pamoja na alama hizo, alama za orodha ya maktaba huwa zimekaa katika kisanduku cha anwani. Dawa yake ni kuzifuta katika rekodi.

Nukta inayofuata kiulizi ni kinyume cha hayo. Rekodi haina kosa. Mtindo ndio uliotia nukta bila kuangalia kwamba anwani ina kikomo chake. Hapa hurekebishwa mtindo. Mtu akikifuta kiulizi katika rekodi ili mtindo usitoe alama mbili, atakuwa amemnyang’anya mwandishi swali lake. Katika “Twendapi” kiambishi -pi chaweza kuliokoa swali hilo, lakini katika maswali mengi ya Kiswahili yanayojibiwa kwa ndiyo au la, kiulizi peke yake ndicho kinachowakilisha kiimbo katika maandishi.

3. Alama za mtajo

Wamarekani huingiza koma na nukta ndani ya alama za kufungia mtajo. Waingereza huziacha nje, isipokuwa ziwe ni sehemu ya maneno yaliyotajwa. Katika Zotero na programu nyingine zinazotumia lugha ya mitindo iitwayo CSL, jambo hili huamuliwa na lugha iliyochaguliwa kwa ajili ya andiko zima. Mtafiti wa Nairobi ambaye andiko lake limewekewa Kiingereza cha Marekani atazikuta koma zake zimeingia ndani. Akibadili na kuchagua Kiingereza cha Uingereza, zitatoka nje bila ya rekodi hata moja kuguswa.

Alama za mtajo zinazoizunguka anwani ya makala ni alama za orodha, na hazifai kuandikwa katika rekodi. Anayeziandika humo atapata mtajo maradufu. Mtajo uliomo ndani ya anwani yenyewe, kwa upande mwingine, ni wa mwandishi na lazima ubaki.

4. Ritifaa

Ugumu zaidi kwetu sisi wa lugha za Kiafrika umo katika ritifaa. Katika Kiswahili ng’ ni konsonanti kamili. Ngoa ni wivu, na ng’oa ni kutoa kitu ardhini pamoja na mizizi yake. Lakini alama ya ritifaa hufanana kabisa na ile ya kufungia mtajo mmoja. Katika anwani ya kubuni kama ‘Ng’ombe katika Methali’, msomaji hutambua mara moja mtajo unafungwa wapi. Programu haina ujuzi huo. Hukisia tu kwa kutazama kinachotangulia. Ikikuta herufi hutia alama ya kufungia, ikikuta nafasi hutia ya kufungulia. Ndiyo sababu ng’ombe husalimika, ilhali mkato wa kishairi kama ’sije hugeuzwa ukawa ‘sije.

Jambo jingine ni kwamba tarakilishi ina ritifaa zaidi ya moja: ile iliyonyooka ya taipureta, ile iliyopinda (U+2019 katika Unicode), na ile inayohesabiwa kuwa herufi (U+02BC). Machoni mwetu ni kitu kimoja. Kwa programu ni vitu vitatu. Ikiwa katika rekodi ya “Shetani Msalabani” (1982) jina la Ngũgĩ wa Thiong’o limeandikwa kwa ritifaa moja, na katika ile ya “Decolonising the Mind” (1986) kwa nyingine, programu yaweza kumhesabu mwandishi huyo kuwa watu wawili. Tena anayelitafuta jina kwa namna moja huenda asione kazi zilizoandikwa kwa namna nyingine. Afadhali kila idara ichague ritifaa moja na kuishika. Ile iliyopinda yafaa kwa sababu ndiyo iliyozoeleka zaidi katika vitabu.

5. Hitimisho

Masahihisho yaliyofanywa juu ya orodha hufutika pindi programu inapoipanga upya. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: kwanza rekodi ilinganishwe na ukurasa wa anwani wa kitabu chenyewe, kisha itazamwe lugha ya andiko, kisha mtindo. Ni baada ya hapo tu ndipo mkono uguse orodha, tena katika nakala ya mwisho iendayo kwa mchapaji.