Mtungi wa Gesi Umezeeka, Penzi Bado Changa

Mnaishi Marekani, mmejibana wewe na mwenzio mpaka mkanunua gari la kulala safarini, tena la mtumba. Kitanda kipo, jiko lipo, wikiendi mnapotelea milimani. Raha iliyoje! Lakini je, mmeshaangalia umri wa mtungi wa gesi mnaolala nao?

Hapa ndipo wapenzi wengi huvutana. Mmoja anasema, "Si jiko linawaka? Hela tuweke kwenye mafuta." Mwingine hapati usingizi. Jamani, kwa hili msikilizeni mwenye wasiwasi. Propeni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, pale pale kwenye sakafu ya kijumba chenu, ikingoja cheche.

Someni tarehe

Mtungi wa kubeba umegongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye ukosi wa chuma unaozunguka valvu. Kwa kanuni za Marekani, ukitimiza miaka 12 haujazwi tena mpaka ukaguliwe upya. Kama kutu imechimba chuma, umebonyea vibaya au umeungua, msihangaike. Nunueni mwingine, wenye valvu inayozuia gesi kupita asilimia 80 ya ujazo.

Tangi lililofungwa chini ya gari ni habari nyingine. Halina ukomo huo wa miaka 12, ila chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hulila taratibu. Kulibadilisha ni kazi ya fundi wa gesi mwenye leseni, si ya shemeji mwenye spana.

Siku ya kufunga mpya

Mtungi mpya hutolewa hewa kwanza kabla ya kujazwa; mkumbusheni muuza gesi. Mpira na regulata vikichakaa, badilisheni navyo. Kisha pakeni maji ya sabuni kwenye maungio. Mkiona mapovu, fungeni valvu, fungueni milango, mtoke nje. Kupima kwa kiberiti ni marufuku! Mtungi wa zamani nao usitupwe jalalani. Urudisheni kwa muuza gesi.

Mwisho, wekeni king'ora cha gesi karibu na sakafu, na kingine cha kaboni monoksidi, maana hiyo haina harufu kabisa.

Mwenzio akikuuliza usiku, "Umefunga gesi?" usione anakufuatafuata. Anataka asubuhi mwamke nyote wawili.