Françoise Mbango: zahabu mbili za Kamerun, paspoti ya Ufaransa

Kila mara mmoja wetu akiondoka, mabishano yanaanza: akipata uraia wa kule, kazi aliyoifanya itahesabiwa kwa nani? Michezo inajibu wazi kuliko sehemu zingine, juu kila kitu kinapimwa na kuandikwa. Tumuangalie Françoise Mbango Etone, aliyezaliwa Yaoundé mwaka 1976, mrukaji wa miruko mitatu ambaye leo ni Mfaransa.

Kwanza mchezo wenyewe. Unakimbia, unakanyaga ubao, unaruka na kuangukia mguu uleule uliorukia. Unaruka tena, sasa unaangukia mguu wa pili. Mara ya tatu njo unaingia mchangani. Ukipitisha ncha ya kiatu mbele ya ubao, mruko umekufa. Kishindo cha mguu ule wa kwanza kinazidi uzito wa mwili mara nyingi, kwa hiyo magoti na vifundo vinateswa sana. Wanaume walianza kuufanya Olimpiki mwaka 1896. Wanawake walingoja mpaka Atlanta 1996. Miaka mia moja kamili! Mlango ulipofunguliwa, Mbango alikuwa na miaka 20.

Sydney 2000 hakupata medali. Edmonton 2001 alipata fedha ya dunia kwa mita 14.60, na Paris 2003 fedha tena, kwa 15.05. Mara zote mbili aliyemshinda ni Tatyana Lebedeva wa Urusi. Athene 2004 mambo yakageuka. Mgiriki Hrysopiyi Devetzi alikuwa anashangiliwa na uwanja mzima wa kwao, akafika 15.25. Mbango akaruka 15.30. Sentimita tano tu, na Kamerun ikapata zahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja. Ile ya 2000 ilikuwa ya timu ya mpira.

Baada ya pale wengi walizani amemaliza. Alienda New York kusoma, na mwaka 2006 akazaa mtoto. Mimi njo sehemu hii inanishangaza kuliko medali zenyewe, kwa sababu Beijing 2008 alirudi akaruka mbali kuliko mbele: mita 15.39, rekodi ya Olimpiki. Mutake kuelewa urefu ule, muende kwenye uwanja wa mpira uliopimwa vizuri: toka mstari wa goli mpaka mwisho wa eneo la penalti ni mita 16.5. Yeye alibakiza kama mita moja tu. Rekodi ilikaa mpaka mwaka 2021, Yulimar Rojas wa Venezuela alipoivunja Tokyo kwa 15.67. Na tena, Lebedeva aliyekuwa wa pili Beijing, na Devetzi aliyekuwa wa tatu, wote walinyanganywa medali miaka kadhaa baadaye juu ya dawa zilizokatazwa.

Mwaka 2010 Mbango akachukua uraia wa Ufaransa. Sheria ya Olimpiki inataka anayebadili nchi angoje miaka mitatu tangu aliposhindania nchi ya zamani, isipokuwa wahusika wakubali kupunguza. Lakini alikuwa na miaka 34 tayari, na goti halisomi paspoti. Kwa jezi ya Ufaransa hakupata medali kubwa hata moja. London 2012, taji lake lilienda kwa Olga Rypakova wa Kazakhstan.

Sasa jibu la mabishano yetu: matokeo yanabaki kwa nchi uliyoivalia jezi siku ile. Zahabu zote mbili ni za Kamerun, na 15.39 inaandikwa kwa jina la Kamerun kama rekodi ya Afrika. Ufaransa haikuweza kuihamisha. Rekodi ambayo Wafaransa wenyewe waliandika, mita 14.69 ya mwaka 2007, iliwekwa na Teresa Nzola Meso Ba. Huyo naye alizaliwa Luanda.