Udogo wa Kiasi, Muda na Umbali katika Kijapani: Mazingatio kwa Ukalimani wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka na hutangazwa na shirika la NHK. Uhusiano wa lugha hizi mbili, kwa hiyo, si mgeni. Hata hivyo, wakalimani wengi hutosheka na kisawe kimoja, “kidogo”, kwa maneno kadhaa ya Kijapani yanayoeleza udogo. Makala haya yanabainisha mahali ambapo kisawe hicho hukidhi haja na mahali ambapo hupotosha makubaliano.

2.0 Kiasi, Muda na Umbali

Neno “sukoshi” hutumika katika nyanja zote tatu: “mizu ga sukoshi aru” (kuna maji kidogo), “sukoshi matsu” (kusubiri kidogo) na “sukoshi aruku” (kutembea kidogo). Kiswahili sanifu hutenga vinavyohesabika kwa kivumishi “-chache”. Kijapani hakifanyi hivyo, kwani “hon ga sukoshi aru” ni ‘kuna vitabu vichache’. Neno “sugu” nalo huunganisha muda na umbali: “sugu iku” ni ‘ninakwenda sasa hivi’, ilhali “sugu soko” ni ‘hapo tu, karibu’.

“Shibaraku” lina sura mbili. Humaanisha muda mfupi mtu anapoombwa asubiri, lakini “shibaraku desu ne” husemwa na watu ambao hawajaonana kwa muda mrefu. Mzungumzaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa “kitambo” nacho huweza kuwa punde au zamani, kwa kutegemea muktadha.

Udogo huweza pia kubeba tathmini. “Sen-en dake aru” ni ‘kuna yeni 1,000 tu’. “Sen-en shika nai” hutaja kiasi kilekile, lakini huashiria kwamba hakitoshi. Kwa kuwa “shika” hulazimu kitenzi kanushi, mkalimani anayefuata umbo pekee ataripoti kwamba yeni 1,000 hazipo.

3.0 Chotto: Udogo Usiopimika

“Chotto” ni neno la mazungumzo ya kawaida. Katika huduma rasmi husemwa “shōshō omachi kudasai” (tafadhali subiri kidogo). Ugumu wake, hata hivyo, ni wa kipragmatiki. Mtu akipendekezewa kikao siku ya Ijumaa, akajibu “kin’yōbi wa chotto…” na kuiacha sentensi ikining’inia, amekataa. Tafsiri ‘Ijumaa kuna tatizo dogo’ humfanya msikilizaji atafute namna ya kulitatua. ‘Ijumaa haitawezekana, samahani’ hubeba kusudio.

Vivyo hivyo, “chotto wakarimasen” ni njia ya staha ya kusema ‘sijui’ au ‘sielewi’, wala si kutoelewa kwa sehemu. Kinyume chake, “chotto shita zaisan” ni mali ya kutajika, si mali haba.

4.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kamusi za lugha hizi zitenge “chotto” ya kipimo na “chotto” ya kukataa katika maana mbili. Pili, mafunzo ya ukalimani yatumie mazungumzo kamili badala ya orodha za msamiati. Tatu, washauri wa sera wanapokutana na jibu lililoachwa bila kitenzi, waulize ni siku gani au sharti gani lingefaa, kabla ya kuandika katika kumbukumbu za kikao kwamba pande zote zimeafikiana.